Will na Thomas Riker: Mtu Mmoja Alivyokuwa Wawili

Tangu akili unde ianze kuiga sauti na nyuso za watu, maneno "kloni", "pacha" na "nakala ya mtu" yamekuwa yakichanganywa katika mazungumzo kana kwamba yote yana maana moja. Mabishano hayo yakifika kwa wapenzi wa tamthilia za sayansi ya kubuni, hawakawii kumtaja William Riker, ofisa mwenye ndevu wa chombo cha anga cha Enterprise katika tamthilia ya Star Trek, ambaye siku moja alikutana ana kwa ana na yeye mwenyewe. Wapo wanaosema kwamba huyo wa pili alikuwa kloni, wapo wanaosema alikuwa kivuli au mtu bandia, na wapo wanaoshikilia kwamba mmoja ndiye Riker wa kweli na mwingine amezidi tu. Madai yote matatu hayako sawa, na si makosa madogo, kwa sababu uchungu wote wa hadithi hiyo, pamoja na ile hali ya watu wawili kushindwa kutulia wanapokuwa chumba kimoja, unatokana na jambo ambalo madai hayo yanalificha.

Kwanza tuiweke hadithi mahali pake. Tamthilia ya Star Trek: The Next Generation ilionyeshwa Marekani kuanzia mwaka 1987 hadi 1994, na Riker, aliyeigizwa na Jonathan Frakes, ndiye aliyekuwa msaidizi mkuu wa Nahodha Jean-Luc Picard. Mwezi Mei 1993 kilirushwa kipindi kiitwacho "Second Chances", kilichoongozwa na LeVar Burton, mmoja wa waigizaji wenzake. (Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kusafiri anga za juu, aliyekuwa amerudi kutoka huko mwaka uliotangulia, anaonekana humo kwa muda mfupi akiwa mmoja wa maofisa.) Enterprise inafika kwenye sayari ya Nervala IV, ambayo imezingirwa na uga unaovuruga mitambo na ambao hulegea mara moja tu kila baada ya miaka minane. Miaka minane kabla, Riker akiwa bado luteni kwenye chombo cha Potemkin, aliongoza kazi ya kuwaokoa watafiti waliokuwa katika kituo cha sayari hiyo, naye akawa wa mwisho kuondoka. Sasa amerudi kuchukua kumbukumbu za utafiti zilizoachwa. Ndani ya kituo kilichochakaa anamkuta mtu amevaa sare ya luteni, mwenye sura yake, sauti yake na jina lake, ambaye kwa miaka yote minane amekuwa akisubiri kuokolewa.

Ili kuelewa huyo ni nani, inafaa kuyatenganisha maneno yetu matatu, na tuanzie shambani. Mkulima akikata kijiti cha muhogo na kukipanda, shina litakaloota ni kloni ya lile la kwanza, kwa kuwa vinasaba vyao ni vilevile, lakini linaanza kukua upya kutoka mwanzo, kwenye udongo wake na mvua yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa kondoo Dolly, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1996 kutokana na seli ya kondoo mwingine aliyekwisha kuwa mkubwa. Dolly alizaliwa akiwa kitoto, hakuzaliwa akiwa kondoo mkubwa mwenye kuyakumbuka malisho ya mwenzake. Kloni hurithi mwili, harithi maisha.

Pacha wa kufanana naye hutokana na yai moja lililorutubishwa na kugawanyika katika siku za mwanzo kabisa, kabla ya kuwapo ubongo, kumbukumbu au jina. Hata hivyo, wanapotoka tumboni mmoja hutangulia, na katika Tanzania watu wengi humwita huyo Kulwa na anayefuata Doto, ili hata majina yaonyeshe nani alifika kwanza. Kwa Riker hao wawili hakuna Kulwa wala Doto. Waligawanyika katika dakika ileile, wakiwa watu wazima, kila mmoja akiwa na utoto mzima kichwani, shule nzima, mapenzi yote na madeni yote.

Hiyo ndiyo maana ya nakala katika hadithi hii. Mfano ulio karibu nasi ni simu. Mtu akihifadhi kila kilichomo katika simu yake usiku, kisha akakirejesha kwenye simu mbili mpya, alfajiri zote mbili zitakuwa na majina yaleyale, picha zilezile na ujumbe uleule hadi wa saa tano ya usiku uliopita. Kufikia jioni moja itakuwa imepokea habari ya msiba na nyingine mwaliko wa harusi. Zina historia moja hadi usiku ule, na baada ya hapo kila moja ina yake. Kwa hiyo si kweli kwamba Riker mmoja anajua anachowaza mwenzake, kwani hakuna waya unaounganisha vichwa vyao. Anachojua ni namna mwenzake alivyokuwa akiwaza miaka minane iliyopita, na wanapogombana hilo ni silaha kali zaidi.

Waligawanyika vipi? Katika tamthilia hii watu husafirishwa kwa mashine ambayo hapa nitaiita kisafirishi. Kisafirishi hufanya kwa mwili kile ambacho msusi angefanya kwa mkeka endapo angeufumua mlia kwa mlia, akapeleka ukindu pamoja na maelezo ya msuko upande wa pili, kisha akausuka upya bila kukosea hata jani moja. Siku ile ya Nervala IV, fundi wa Potemkin aliona mwale unaombeba Riker unadhoofika kwa sababu ya ule uga, akaongeza mwale wa pili ili baadaye aiunganishe yote miwili. Haikuhitajika. Mwale wa kwanza ulimfikisha Riker chomboni salama, na ule wa pili, ambao fundi alidhani umepotea, uligonga uga, ukarudi chini na kumsuka Riker mwingine palepale alipokuwa amesimama. Yule wa chomboni aliendelea na maisha. Yule wa chini alisubiri mwale urudi, na haukurudi.

Hapo ndipo watazamaji wengi huamua kwamba aliyefika chomboni ndiye wa kweli. Hoja hiyo ina mvuto kwa sababu huyo ndiye tuliyemzoea kwa misimu sita. Lakini tukiichunguza haisimami, kwani wote wawili walisukwa upya, na hakuna aliyebaki bila kufumuliwa. Tukisema aliyebaki mahali pa awali ndiye asili, basi ni yule wa sayarini. Tukisema aliyefika palipokusudiwa ndiye asili, ni yule wa chomboni. Daktari Beverly Crusher anawapima na kukuta vinasaba vilevile na mpangilio uleule wa ubongo, isipokuwa tofauti ndogo zinazotokana na yale ambayo kila mmoja ameyapitia tangu siku ile.

Mtu anaweza kujibu kwamba asili ni yule mwenye mwili uleule, yaani vitu vilevile vilivyoujenga. Hapo tufikirie jahazi. Jahazi lililofanya kazi miaka arobaini huenda limebadilishiwa mbao karibu zote, leo ubavu, mwakani tako, mwaka wa tatu mlingoti, na bado mwenye chombo hasemi kuwa ni jahazi jingine. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes aliiendeleza hoja hiyo mwaka 1655 kwa kuuliza: je, kama mtu angeziokota zile mbao kuukuu moja baada ya nyingine, akazipanga kama zilivyokuwa, akapata chombo cha pili, lipi lingekuwa jahazi la mwanzo? Miili yetu nayo hubadilisha mbao zake kila siku kwa chakula, maji na pumzi. Kinachodumu ni umbo na mwendelezo wa maisha, na vyote hivyo Riker wawili wanavyo kwa usawa.

Ugumu wenyewe unaonekana vizuri ukiuweka kwa lugha ya hesabu ya shule ya msingi. Tukisema Riker wa chomboni ni sawa na luteni wa zamani, na Riker wa sayarini ni sawa na luteni huyohuyo, basi lazima Riker wa chomboni awe sawa na Riker wa sayarini. Lakini sivyo, kwani mmoja anaweza kulala huku mwingine anakula. Kwa hiyo neno "yuleyule", ambalo hutufaa katika maisha ya kila siku kwa sababu watu hawagawanyiki, linakatika likifika hapa. Mwanafalsafa Derek Parfit, aliyelichambua suala hili kwa kina mwaka 1984 kwa mfano wa mtu anayesafirishwa hadi sayari ya Mirihi wakati mwili wake wa duniani umebaki, alifikia maoni kwamba kung'ang'ania nani ni "yuleyule" ni kukosea swali. Kwake yeye, la muhimu ni uhusiano wa kumbukumbu, tabia na nia kati ya mtu wa jana na mtu wa leo, na uhusiano huo unaweza kwenda kwa watu wawili. Mimi nadhani Parfit alikuwa sahihi, na kwamba kipindi hiki kinamwunga mkono bila kumtaja.

Kabla ya kurudi kwa watu wenyewe, nigusie dhana moja inayosambaa sana, kwamba sayansi ya leo imeshaanza kutengeneza kisafirishi cha namna hii. Sivyo. Tofauti kati ya kisafirishi cha Riker na sayansi hiyo ni kama ile ya kutuma picha na kutuma pesa kwa simu. Ukimtumia mwenzako picha, yako inabaki, nanyi mnakuwa na picha mbili. Ukimtumia shilingi elfu kumi, salio lako hupungua papo hapo, kwa sababu pesa hiyo haiwezi kuwa kwako na kwake kwa wakati mmoja. Hali kamili ya chembe ndogo kabisa za maada hufuata kanuni ya pesa. Mwaka 1982 William Wootters na Wojciech Zurek, na kwa upande wake Dennis Dieks, walithibitisha kihisabati kwamba hali hiyo, ikiwa haijulikani, haiwezi kunakiliwa. Mwezi Machi 1993, miezi miwili tu kabla ya kipindi cha Riker kurushwa, wanasayansi sita, Wootters yuleyule akiwamo, walionyesha kwamba inaweza kuhamishwa, kwa sharti kwamba ile ya mwanzo ifutike, na mwaka 1997 jambo hilo lilifanyika kwa chembe za mwanga katika maabara ya Innsbruck, Austria. Kinachohamishwa ni hali ya chembe, si mwili. Isitoshe, Riker wa pili alihitaji maada yake mwenyewe. Mwili wa kilo 80 ukiundwa kutokana na nishati tupu ungehitaji nishati inayozidi mara 30 ile ya bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa, lile la Wasovieti la mwaka 1961. Hadithi haielezi ilikotoka, nasi tunaweza kuikubalia hilo, kwa kuwa inachokitafuta kiko mahali pengine.

Inachokitafuta ni hiki: watu wawili wanaweza kumiliki kwa haki historia moja, lakini vitu vingi ambavyo historia hiyo imewapa havigawanyiki. Cheo ni kimoja. Jina ni moja. Deanna Troi ni mmoja.

Tuanze na cheo. Riker wa chomboni ni kamanda, na wa sayarini ni luteni, kwa hiyo mtu anajikuta akipokea amri kutoka kwake mwenyewe. Si hivyo tu. Kamanda Riker alipandishwa cheo kwa ushujaa aliouonyesha katika kuwaokoa watafiti wa Nervala IV, yaani tendo ambalo luteni naye alilifanya kwa mikono ileile. Mmoja alipewa heshima, mwingine alipewa miaka minane ya upweke, na hakuna aliyestahili zaidi ya mwenzake. Wanapofanya kazi pamoja, luteni hutaka njia ya hatari iliyo fupi, kamanda hutaka tahadhari, na kila mmoja anamwona mwenzake kama aliyeharibika. Kamanda anaiona papara aliyokuwa nayo ujanani na ambayo imemchukua miaka kuitawala. Luteni anamwona mtu aliyepewa kila nafasi na ambaye, machoni pake, amezeeka kabla ya wakati. Kuna tukio la mchezo wa karata ambapo wawili hao wamekaa meza moja, kila mmoja akijaribu kumdanganya mwenzake kwa uso usioonyesha kitu. Ni mchezo wa kusoma uso wa mpinzani, na hapa mpinzani ana uso wako mwenyewe. Mtu hawezi kukaa hapo kwa raha.

Jambo la Deanna Troi, mshauri wa Enterprise, ni chungu zaidi. Yeye na luteni walipendana, wakaagana kwamba baada ya muda mfupi wangekutana kwenye sayari ya mapumziko ya Risa. Aliyefika chomboni alipandishwa cheo, akachagua kazi, hakwenda Risa. Baadaye yeye na Deanna walikutana tena wakiwa watumishi wa chombo kimoja, wakageuza mapenzi kuwa urafiki, kidonda kikafunga. Lakini kwa yule wa sayarini hakuna aliyevunja ahadi. Amekaa miaka minane akimfikiria mwanamke huyu, na anaposhuka kutoka kisafirishi bado ni mchumba anayechelewa. Anamwandikia vijibarua, anavificha huku na huku chomboni, na Deanna anavifuata kimoja baada ya kingine kama binti wa miaka ishirini. Kwa upande wake hali ni ngumu kuliko ya wanaume wote wawili, kwa kuwa mtu aliyemwacha amerudi akiwa hajamwacha.

Kamanda anamtahadharisha Deanna asije akaumizwa, akimkumbusha kwamba mtu huyo, angekuwa ndiye aliyetoka sayarini, angefanya uchaguzi uleule. Wengine huona wivu katika maneno hayo. Mimi naona ushahidi. Hakuna mwingine duniani anayeweza kutoa ushahidi wa namna hiyo juu ya moyo wa mtu, naye anaposema hivyo anajikiri mwenyewe kosa alilolifanya. Na matokeo yanamwelekea, kwa maana luteni anapopangiwa kazi kwenye chombo cha Gandhi anaikubali. Tofauti ni kwamba yeye anamwomba Deanna amfuate, na Deanna, aliyekwisha kujenga maisha yake Enterprise, anabaki.

Katikati ya hayo kuna daraja ndani ya pango la Nervala IV. Linakatika, luteni anabaki akining'inia juu ya shimo, na kamanda amemshika mkono. Mtazamaji aliyezoea hadithi za nakala wabaya hungojea mkono uachiwe. Tangu mwaka 1966, katika kipindi cha "The Enemy Within" cha tamthilia ya kwanza ya Star Trek, ambapo Nahodha Kirk aligawanywa kuwa mtu mpole na mtu mkatili, watazamaji wamezoea kufikiri kwamba wa pili ni lazima awe ule upande mwovu. Lakini Kirk alipasuliwa kama embe, kila kipande kikakosa kilichomo katika kingine, ilhali Riker kila mmoja ni mzima. Kamanda anamvuta mwenzake juu. Waandishi wa tamthilia walikuwa wamewahi kufikiria kumwua kamanda na kumwachia luteni nafasi ya kuendelea katika vipindi vilivyofuata, jambo ambalo halikufanyika, lakini linaonyesha kwamba hata wao hawakumwona mmoja kuwa asili na mwingine kuwa ziada.

Jina linapatikana kwa njia ya upole. Luteni anachukua jina lake la kati na kuanzia hapo anaitwa Thomas. Sioni kama ni kushindwa kwake, kwa kuwa jina Thomas lilikuwa la wote wawili, na mmoja ameliokota ili wengine wapate namna ya kuwaita. Kisha, wanapoagana, Will anamletea tromboni. Mwanzoni mwa kipindi tumemwona akiipiga mbele ya wenzake, akihangaika na wimbo ambao kwa miaka mingi haujamtii. Tromboni hiyo haiwezi kukatwa katikati, na mmoja hana budi kuikosa. Anayeikosa kwa hiari ni yule ambaye miaka minane yote amekuwa na kila kitu.

Zawadi hiyo haikumaliza jambo. Mwezi Novemba 1994, katika tamthilia dada ya Star Trek: Deep Space Nine, Riker anafika kwenye kituo cha anga chenye jina hilohilo akiwa mchangamfu, anakaribishwa na Meja Kira Nerys, ofisa wa kituo hicho, anaomba kuonyeshwa chombo cha kivita kiitwacho Defiant. Akishaingia ndani anamzimisha Kira kwa silaha, anaweka mkono shavuni na kubandua ndevu za pembeni, zinabaki zile za kidevuni peke yake. Ni Thomas, na anakiiba chombo kwa niaba ya Maquis, kundi la waasi wanaopigana na Wakardasia, watu wa sayari nyingine. Baadaye Kira anamwambia waziwazi kwamba anayoyafanya si mwenendo wa mpiganaji, ni mwenendo wa mtu anayetaka kuwa shujaa, na kwamba nyuma yake kuna haja ya kujitofautisha na Will. Ili afanye jambo moja ambalo Will asingelifanya kamwe, Thomas alilazimika kwanza kuuvaa uso wa Will.

Anajisalimisha ili watu aliokuwa nao waachiwe, na anapelekwa kutumikia kifungo cha maisha katika kambi ya kazi ya Lazon II. Tamthilia hiyo haikumwonyesha tena. Lakini katika hukumu ile kuna jambo ambalo hakuna mhusika hata mmoja anayelitilia shaka, nalo ni kwamba anayefungwa ni Thomas peke yake. Kama kijana William Riker angekuwa ameiba chombo kabla ya siku ya Nervala IV, ingebidi wote wawili wasimame mbele ya hakimu, kwa kuwa wote wawili wangekuwa ndio walioiba. Defiant iliibwa baada ya siku ile, na Will alikuwa Enterprise, mbali, akiendelea na kazi yake.